Kilomita za Mama

Wateja walimwita Fundi Hakibaki, na wala hakulichukia jina hilo. Mafundi cherehani wengine ukiwapelekea kitambaa, kuna kipande hupotea njiani, halafu siku moja unakiona kimegeuka kofia ya mtoto wao. Kwake yeye, thubutu! Alipima, akakata, na mezani hakikubaki hata cha kufutia mashine. Alijivunia hilo kuliko gauni lolote alilowahi kushona.

Sasa mama yake alitaka kwenda kumwona kaka yake. Au tuseme ukweli: mama hakutaka, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kutaka. Ukimwuliza atakula nini, atasema chochote. Ukimwuliza anaumwa wapi, atasema niko sawa, huku anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Lakini mjomba, aliyekuwa kitandani baada ya kuvunjika mguu, alipiga simu akasema, "Dada yangu, hebu njoo nikuone." Simu ilipokatika mama alibaki ameishika mapajani mpaka chai yake ikapoa. Fundi aliliona hilo, likamkaa moyoni. Aliapa kwamba mama atakwenda, tena atakwenda kwa raha, si kwa kukunja yale magoti yake ndani ya basi. Gari litakodiwa, ataliendesha mwenyewe, na safari hii mama ataifurahia.

Basi, wenye magari ya kukodisha walimkoma. Alianza na dalali mmoja wa kona, mwenye gari la bei ya kutupa.

"Bima iko wapi?" fundi aliuliza.

"Bima ipo, dada. Wasiwasi wa nini?"

"Wasiwasi wa kutoiona."

Dalali akaanza kusifia redio ya gari, na fundi akaondoka zake. Ofisi ya pili bei ilikuwa nzuri hadi alipouliza habari za mafuta. Kumbe unawalipia tangi zima kabla hujaondoka, kwa bei yao, na ukirudisha gari na nusu tangi, hiyo nusu umewaachia zawadi. Fundi akawaambia hana undugu nao wa kupeana zawadi. Ofisi ya tatu ndiyo ilimridhisha. Pale ulipewa gari limejaa mafuta ukalirudisha limejaa, basi, hakuna mjadala. Sharti lilikuwa moja tu. Bei ilikuwa na kilomita zake za kila siku, na ukizivuka, kila kilomita ya ziada unailipia.

Mwanamke wa kaunta, mwenye miwani na subira ya kutosha, alijaribu kumpa gari kubwa. Fundi alikataa. Watu wawili na kikapu kimoja wanahitaji gari kubwa la nini? Akachukua dogo, akalizunguka na simu yake akipiga picha kila mkwaruzo, akafungua buti, akaminya tairi la akiba, akauliza jeki.

"Dada, samahani, unakodi au unanunua?"

"Nakodi. Ningekuwa nanunua, leo ningelala hapa hapa."

Kisha akaipima njia kama alivyozoea kupima kitambaa. Kwenda kwa mjomba, kulala, kurudi, na mzunguko mdogo wa kujaza mafuta. Ilitosha barabara. Hakibaki! Alifurahi mno, na kwa furaha hiyo akakosea. Alimweleza mama kila kitu, tangu yule dalali hadi kilomita ya mwisho, kwa majivuno yote.

Asubuhi ya safari mama aliingia garini, akavua viatu, akavipakata.

"Mama, vaa viatu vyako."

"Nitawachafulia watu."

"Basi fungua dirisha upate hewa."

Mama alikitazama kile kitufe. "Nacho kina malipo yake?"

Fundi alicheka hadi akakosa gia. Waliposimama kununua maji, akaacha gari linanguruma, na mama akatoa kichwa nje akapaza sauti, "Fanya haraka, mwanangu, kilomita zinakwenda!" Muuza maji alicheka mpaka chenji ikamwanguka. Fundi akaona hiki kisa ni cha kuwasimulia wateja mwezi mzima.

Walipokaribia kufika, palikuwa na njia ya vumbi iliyochepuka kushoto. Mama aliigeukia. Gari likapita, na shingo ya mama ikabaki imegeuka vile vile.

"Unaangalia nini?"

"Aa, miti tu."

Mjomba alipomwona dada yake alilia bila kujificha, na mama akamfuta machozi kwa kitambaa chake huku anamgombeza kwa nini alipanda juu ya paa na umri wote ule. Alimlisha, akamnyoosha shuka, wakaanza kucheka mambo ya utotoni ambayo wao tu ndio waliyajua. Fundi aliwaachia chumba, akaenda kuosha vyombo nyuma ya nyumba. Dirisha lilikuwa wazi.

"Umepita kwa shoga yako?" mjomba aliuliza. "Hakuna siku anakuja kuniona asiulize habari zako."

"Sijapita, kaka."

"Na mmeipita njia yake?"

"Si kuchepuka huko? Lile gari la watu, lina kipimo chake. Mtoto amehangaika sana kulipata. Nisimtie hasara, akashindwa hata kunileta tena."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Niko sawa."

Fundi alisimama na sahani mkononi, maji yanamchuruzika hadi kwenye viwiko. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu atake kujificha ndani ya sufuria. Shoga huyo alimjua kwa hadithi tangu akiwa mdogo. Ndiye aliyemficha mama alipotoroka mafunzo ya mapishi ya shangazi yake, ndiye aliyemsuka siku ya harusi. Na mama amepita mlangoni pake akasema anaangalia miti. Yeye fundi amempa mama safari, kisha akaibana hadi mama hana pa kupitisha mkono, na mama akajikunja humo akasema inamtosha.

Kesho yake waliaga, wakashika njia. Kwenye ile njia ya vumbi fundi akakata kona.

"Wee! Umepotea!"

"Sijapotea."

"Na kilomita?"

"Ziende, mama. Nyumba ni ipi?"

Mama aliinama, akaanza kuvaa viatu vyake haraka haraka.

Shoga alikuwa anaanika nguo. Aligeuka, akatazama, akadondosha beseni.

"Umezeeka wewe!" alipiga kelele.

"Na wewe nani kakuambia umebaki msichana?"

Wakakumbatiana wakayumba, fundi akadhani wataanguka wote wawili. Walilia kidogo, wakacheka sana, wakaulizana maswali bila kungoja majibu. Halafu ndipo mambo yalipoharibika, kwa upande wa kilomita. Mama alikumbuka kuna shoga wa tatu. "Ni hapo tu," alisema, akamwingiza mwenzake kiti cha nyuma na beseni lake. Hapo tu ya mama ilivuka daraja, ikazunguka soko, ikapanda kilima. Kutoka huko kukawa na hapo tu nyingine. Madirisha yote yalikuwa chini, mama anaelekeza kwa mkono mzima kama askari wa barabarani, na fundi, ambaye kwa kawaida angekuwa anapiga hesabu hadi kichwa kimuume, aliendesha tu huku anatabasamu peke yake.

Jioni walirudisha gari, tangi limejaa. Mwanamke wa kaunta alichungulia dashibodi, akarekebisha miwani, akachungulia tena.

"Dada, kilomita zimezidi. Zimezidi sana."

"Najua. Piga hesabu, nilipe."

"Na kuna ya kuosha vumbi."

"Hiyo ya kuosha sikubali. Nipe ndoo."

Mwanamke yule akacheka, akaifuta kwenye hesabu. Fundi alilipa, na iliuma, tusidanganyane. Ni malipo ya gauni zima la harusi hayo. Alipogeuka kumtafuta mama hakumwona kwenye benchi alipomwacha. Alikuwa kule uani, amesimama kando ya gari kubwa la safu tatu za viti, ameshafungua mlango mwenyewe, anabonyeza kiti kwa kiganja.

"Mwanangu," aliita, "waulize hili linachukua watu wangapi. Nalitaka."