Misalaba Mitatu ya Kostansia

Jumamosi ya tarehe kumi na tano Machi mwaka 2014, mbele ya watu walioshiba sambusa, mke wangu alitangazwa kuwa kizuizi cha maendeleo. Alikuwa ametimiza mwaka mzima tangu afariki. Nilidhani mtu akishafunikwa udongo serikali humaliza shughuli naye. Kumbe ndiyo kwanza huanza.

Ilikuwa ughaibuni, mjini Columbus, mtaa wa wanafunzi, katika ukumbi ulio chini ya kanisa ambao vijana wa chuo kikuu huukodi. Binti yangu Leya alinitoa Louisville kwa gari lake, maana tangazo lilisema mkubwa kutoka nyumbani anakuja kuzungumza na Warundi walioko ng'ambo. Mkubwa mwenyewe aliitwa Zéphyrin, Mkurugenzi wa Idara ya Ushoroba. Ushoroba! Neno hilo sikulisikia Mtabila, kambini Tanzania nilikoishi miaka mingi, wala Beechmont, mtaa wa Louisville ninakoishi sasa. Kijana aliyekaa ubavuni mwangu akaninong'oneza kwamba ni njia ya malori kutoka bandarini hadi kwetu. Basi si waseme njia? Lakini ndivyo walivyo wakubwa wetu: kitu wasichoweza kukijenga hukipa kwanza jina refu.

Alivaa suti ya rangi ya majivu na viatu vinavyong'aa hata ungeweza kunyolea ndevu ndani yake. Kuzungumza alijua, sikatai. "Nchi yetu ndogo haina bahari," alisema, "kwa hiyo barabara ndiyo bahari yetu." Watu wakapiga makofi. Mimi nikajiuliza, katika bahari hiyo, nani atapewa mtumbwi na nani ataambiwa aogelee.

Akawasha projekta. Ikaja ramani, juu yake mstari mwekundu kama mchirizi wa damu ya kuku. Kisha zikaja picha.

"Sera ipo, mkandarasi yupo," alisema. "Vilivyobaki ni vizuizi. Tazameni kilima hiki."

Nikatazama. Palikuwa na migomba, mteremko wa udongo mwekundu, na msalaba wa saruji. Kwenye msalaba, kwa herufi zilizopinda ambazo nilizijua kutoka kwenye video ya mazishi, paliandikwa Kostansia.

Nikasimama. "Bwana Mkurugenzi, huyo ni mke wangu."

Leya akanivuta koti. "Dedi, keti, nakuomba."

"Pole sana, mzee wangu," Mkurugenzi akasema. "Ni yupi?"

"Yupi vipi?"

Akabonyeza. Ukaja msalaba mwingine, jina lilelile. Akabonyeza tena. Ukaja wa tatu. "Kilimani hapo tumemkuta mama huyu mara tatu. Ndiyo maana ninakuuliza, mzee wangu. Alifariki mara ngapi?"

Wakacheka. Walicheka wasomi, akacheka mchungaji aliyemshika Kostansia mkono pale hospitalini, akacheka hata mama aliyekaanga sambusa. Mkurugenzi akainua kiganja kuwatuliza, kama mtu anayezima moto aliouwasha mwenyewe. Akaahidi kwamba kaburi la kweli halitaguswa kabla mwenyewe hajapigiwa simu. Hiyo ndiyo sera, alisema. Akaichukua namba yangu mbele ya umati, nami nikaketi kama mtoto aliyetiwa pipi mdomoni ili anyamaze.

Mtu atauliza kwa nini sikujua idadi ya makaburi ya mke wangu mwenyewe. Kostansia aliomba azikwe kilimani kwao, mahali alipotoroshwa akiwa mgongoni mwa mama yake katika mauaji ya mwaka sabini na mbili. Waumini wakachanga, jeneza likapanda ndege, mimi nikabaki. Uraia wangu ulikuwa bado, na mkimbizi akirudi alikokimbia huulizwa alikimbia nini. Kaburi nililiona kwenye simu, dogo kuliko kiganja changu. Mchungaji wa huko alikuwa ametundika koti lake juu ya kigingi chenye rangi nyekundu wakati akiomba. Sikujua kwamba kigingi kile ndicho kilichokuwa kikipima barabara. Walikuwa wamemzika ndani ya mipango ya watu.

Tuliporudi Beechmont nikampigia Sylveri, kaka wa marehemu.

"Shemeji, dada yako ana makaburi mangapi?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutwa na mkono chunguni. "Ninyi mlioko huko mmesahau. Huku hati ya shamba ni kaburi. Tuliporudi kutoka Tanzania tulikuta watu wamelala kwenye shamba la baba, na kesi tuliishinda kwa kaburi la babu. Sasa hawa wa barabara wamekuja na vigingi vyao. Nikasema, nyumba wataivunja, migomba wataing'oa, lakini mfu je? Serikali yetu huwaogopa wafu kuliko walio hai."

"Ukampanda dada yako kama viazi."

"Nimemlinda! Yeye mwenyewe yuko pale pale, katikati. Wa juu na wa chini ni saruji tupu."

"Unadhani angefurahi?"

"Kostansia? Angecheka mpaka akae chini, shemeji. Wewe humjui?"

Hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Kambini, siku ya kuhesabiwa kwa ajili ya mgao, Kostansia aliwahi kufunga mto mgongoni kwa kanga, akaubembeleza mbele ya karani mpaka ukaandikiwa unga. Mto ule tuliupa na jina. Mnyonge hana silaha ila kujiongeza. Akihesabiwa mmoja atakanyagwa, basi huwa watatu. Na wenye kalamu, ambao hujiongeza kila siku kwa posho na magari, wakimwona mnyonge amejiongeza kwa msalaba wa saruji, hucheka ukumbi mzima.

Simu ya Mkurugenzi haikuja. Mwanzoni mwa mwaka 2015 lilikuja tingatinga. Aprili nchi ikawaka moto, na mwezi uliofuata Sylveri akavuka mpaka usiku akiwa na sufuria na watoto, akarudi kambini Tanzania kama mtu aliyesahau kofia yake huko. Nilipompata kwa simu nilimwuliza habari za barabara.

"Imechongwa. Lami bado. Mkandarasi amekimbia hata kabla yangu."

"Na makaburi?"

"Umebaki msalaba mmoja."

"Wa katikati?"

Simu ikakwaruza. "Katikati ya nini, shemeji? Ukishaondoa kando, katikati nayo haipo. Kilima kizima kimenyolewa." Kisha akahamia kwenye mablanketi, kwamba watoto wanalala chini. Nikajua ananificha. Sylveri akisema ukweli huwa hana haja ya mablanketi.

Januari iliyofuata nilikwenda Buffalo, mji wa mpakani. Leya alikuwa amehamia Cheektowaga, kando ya mji huo, anafanya kazi kwenye ghala jirani na uwanja wa ndege. Jumapili, baada ya ibada, Fides, kiongozi wa kina mama, akanijia na tabasamu la mtu anayetaka kitu.

"Baba Leya, gari lenu lina nafasi. Mpelekeni ndugu yetu huyu. Basi la kwao siku ya Jumapili ni kama Masihi, husubiriwa tu."

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye koti la kuazima, mikono yake imechungulia nje. Viatu vilikuwa vilevile, ila chumvi ya barabarani ilikuwa imevichora mistari myeupe. Akasema asante, na sauti ile ikanirudisha ukumbini.

Sitadanganya: moyo wangu ulicheza ngoma. Mkurugenzi mzima wa usafiri, hana usafiri! Nikamfungulia mlango wa nyuma kwa heshima zote, kama dereva wa serikali.

Njiani akatueleza, bila kuulizwa sana. Aliwakosea wakubwa wenzake, akatoroka. Ana ndugu upande wa pili wa daraja, Kanada, naye yuko katika nyumba ya wanaosubiri kuitwa ili wavuke. Atavushwa lini, hajui.

"Kwa hiyo umekwama mpakani," nikamwambia, "kama lori."

Akaniangalia kwenye kioo. "Tunafahamiana, mzee wangu?"

"Mimi ndiye mwenye mke aliyekufa mara tatu."

Mbele yetu gari la kusukuma theluji lilikuwa likienda polepole, Leya akapunguza mwendo. "Dedi," akaniita kwa sauti ya chini.

"Hukunipigia simu," nikamwambia yule wa nyuma.

"Sikupiga." Hakujitetea, na hilo likaniudhi, maana nilikuwa nimejiandaa kumponda. "Nilitoa agizo kwamba misalaba miwili ing'olewe, mmoja uachwe, na ukoo uonyeshe upi. Siku hiyo nilikuwepo. Ukoo ukaonyesha."

"Ukoo gani? Ukoo ni mimi!"

"Kaka wa marehemu. Alinyoosha kidole mwenyewe."

Nikatoa simu. Kambini watu walikuwa wanajiandaa kulala. Sylveri akapokea huku mtoto analia pembeni yake. Nikaiweka sauti isikike na wote.

"Sylveri, niko na Mkurugenzi wako ndani ya gari la Leya. Amekimbia kama wewe."

Sylveri akasema: "Karibu ukimbizini, Bwana Mkurugenzi. Mgao umekwisha pata?"

"Asante," akajibu yule mtu wa nyuma, taratibu.

"Shemeji," nikasema, "uliwaonyesha upi?"

"Baba Leya, mambo hayo..."

"Upi?"

"Wa juu."

"Wa juu si ni saruji tupu?"

"Ndio ulioshika mpaka! Ukiondoka ule, shamba lote limekwenda, na watoto wangu wangerithi nini? Nilipanga kumhamisha dada kabla hawajafika katikati. Wakaja kesho yake asubuhi. Nilimwambia dereva wa tingatinga angoje kidogo tu, akasema ana agizo."

"La nani?"

"Langu," akasema Zéphyrin.

Nikangoja hasira ije. Ilikuja, ikasimama katikati ya milango miwili, isijue igonge upi. Mmoja aliagiza, mwingine akanyoosha kidole, na wote wawili sasa hawana hata mahali pa kuanika shuka. Nilikuwa nimebeba dharau yangu kutoka Columbus mpaka hapa, nikiitunza kama yai, na sasa iko mkononi, sina pa kuipasulia. Nikamfikiria Kostansia. Tangu alipobebwa mgongoni, maisha yake yote yalikuwa njiani: vichaka, malori ya wakimbizi, kituo cha basi pale Beechmont alipokuwa akisimama na mfuko wake wa chakula. Hakuna njia iliyompitia ikamfaa.

Leya akasimamisha gari mbele ya nyumba ya wanaosubiri. Hakuna aliyeshuka.

"Hiyo barabara," nikasema, "kuna kinachopita?"

Zéphyrin akajikohoza. "Makadirio ya mwaka wa kwanza yalikuwa..."

"Sikuulizi makadirio."

"Mimi niko huku tangu Mei," akasema Sylveri kutoka simuni. "Nitajuaje?"

"Semeni basi, ninyi mliomjengea. Lori, baiskeli, mama mwenye kuni kichwani, mbuzi tu: leo hii, juu ya kifua cha mke wangu, kinapita chochote?"