Mtihani wa Nesi wa Wodi ya Tatu

Kufika saa mbili asubuhi, nesi wa wodi ya tatu alikuwa ameshanawa mikono mara nne. Alipanga pamba, sindano, kipimajoto na mashine ya presha juu ya troli, kisha akavipanga upya. Hospitalini hapo kila muuguzi alipimwa umahiri mara moja kwa mwaka, na alipimwa kwa mgonjwa aliyefariki katika zamu yake. Wafu waliandikiwa barua mapema, na hawakuchelewa.

Mgonjwa wake alikuwa mzee fundi cherehani, aliyefariki miezi saba nyuma. Aliingia polepole, akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda, akalala.

"Shikamoo, mzee," nesi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Usiogope, leo siumwi."

Matroni alikaa pembeni na fomu ya kurasa sita. Nesi alishika mkono wa fundi, wa baridi kama sakafu. Alitafuta mapigo dakika nzima asiyapate, akahofia kosa ni lake.

"Andika ulichokipata," matroni alisema.

Akaandika sifuri. Presha nayo sifuri. Sindano ya dripu iliingia kwenye mshipa mara moja. Matroni akatia tiki zote tatu, akafika ukurasa wa mwisho, ambao huulizwa mgonjwa.

"Ulipoita, nesi alifika kwa wakati?"

"Niliita mara tatu," fundi alisema. "Hakuja."

Nesi akashika ukingo wa kitanda. Miezi saba alikuwa akiisikia sauti hiyo hata akiosha vyombo kwake, na hakumwambia mtu, hata mumewe.

"Nilikusikia, mzee. Mara zote tatu. Nilikuwa nimemshika mama aliyekuwa anatapika damu. Ningemwachia, angekwenda yeye."

"Najua. Nilikuwa nakuona. Watu arobaini na wawili, nawe peke yako." Akamgeukia matroni. "Mama, liandike na hilo."

Matroni aliipindua fomu, mbele na nyuma. "Halina pa kuandikwa," alisema, wala si kwa ubaya. "Hapa pana ndiyo na hapana."

"Basi andika hapana. Siwezi kusema uongo, nimeshakufa."

Fundi alivaa viatu. Mlangoni alimwambia nesi, "Mkono wako mwepesi. Sindano sikuisikia kabisa." Akashika njia yake.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Nesi alipata tisini na sita kwa mia, akawapita wenzake wote. Kwa umahiri huo aliongezewa wodi ya nne, maana nesi wake alikuwa ameacha kazi.

Jumatatu alipita vitanda vyote themanini na vinne, akimtazama kila mgonjwa usoni, akijiuliza ni yupi atakayeandikiwa barua.

"Nesi, mbona unanikodolea macho?" aliuliza mwalimu mmoja mwenye nimonia.

"Nakuzoea tu, mwalimu."

Sauti ikamwita kutoka wodi ya tatu. Alipogeuka, nyingine ikamwita kutoka ya nne. Akasimama kati ya milango miwili, na kabla hajaamua aanzie wapi, ile ya kwanza ikaita mara ya pili.