Upande wa Kivuli

Mwaka wa 1953, Kisimba, mpiga picha wa Kamina, aliinua picha ya kwanza iliyopigwa na mwanafunzi wake Kitwa ili wateja waione.

“Muangalie, nusu ya uso iko mu kivuli! Ulipiga muntu ao ulipiga ukuta?”

Wateja wakacheka. Kitwa akainamisha kichwa. Mama mmoja aliyekaa mlangoni akasimama, akashusha kitambaa alichojifunika usoni. Shavu lake moja lilikuwa na kovu kubwa la moto.

“Minyi njo mama yake, minyi njo niko mu iyo picha,” alisema, mkono kifuani. “Minyi njo nilimuomba afiche huu upande.”

Kicheko kikakatika. Kisimba aliona aibu. Akamrudishia Kitwa picha kwa mikono miwili.

“Unisamehe, mama. Kitwa, kivuli ulikiweka muzuri. Siku ingine usogee karibu kidogo tu.”

Kisimba hakuthubutu kumtazama yeyote.