Sauti ya Abner Kabla ya Kufuliwa

Hakuna mwanamke Keroka nzima anayejua kompyuta kama mimi. Nimegusa moja, mara moja, kwa kidole kimoja, na ikazima. Lakini nimekaa nyuma ya mtu anayeijua, na ukikaa nyuma ya mtu unajifunza mengi, hasa akidhani umesinzia.

Mtu huyo ni Haron, mtoto wa Warsame anayeuza magodoro karibu na kanisa letu la Sabato. Nyuma ya duka la baba yake ana chumba cha kurekodi. Ameyasimamisha magodoro ukutani badala ya kuyalaza, na humo ndimo kwaya yetu ilimoimba wimbo wa mjane wa Sarepta, ule tunaoupeleka kwenye mkutano wa makambi mwezi wa nane. Ubeti wa katikati huimbwa na mtu mmoja. Miaka mitano sasa mtu huyo ni Nyanchoka, mke wa mwanangu. Simpendelei. Ugali wake unaweza kuziba ufa wa ukuta. Lakini akianza kuimba kwenye majani chai, wachumaji wa ng'ambo ya bonde husimamisha mikono.

Basi wimbo uliporudi kwenye simu zetu, Nyanchoka hakuwemo. Ubeti wake ulikuwa umekaliwa na sauti ya mwanamume, laini kama mafuta ya kupaka mtoto, inapanda bila kuhema na kushuka bila kukwaruza. Tukaambiwa ni mwalimu wa kwaya, Abner.

Huyu Abner alikuwa karani wa kununua majani chai kabla ya kustaafu. Kazi hiyo ilimfundisha kusimama mbele ya watu waliochoka na kuwaambia mizigo yao ni myepesi. Sauti yake naijua, nakaa mbele yake kila Sabato. Ni ya mlango wa choo usiotiwa mafuta. Na wale wanaomsifu wanaijua pia, ila wanataka wapangwe mstari wa mbele.

Alimwambia Nyanchoka kwamba mashine imekataa sauti yake. Eti sauti zingine ni za shambani tu, mashine haizipokei. Na yule mjinga, Mungu anisamehe, akaamini. Wiki nzima alichuma chai kimya. Ijumaa nikamkuta amefua joho la kwaya, amelikunja, anataka kulirudisha kabla ya makambi. Mimi niliyezoea kulalamika kwamba ananipigia kelele nilijikuta nakosa kitu masikioni.

Nikamwendea Obwocha, mzee wa kanisa. Obwocha ni mtu mwema anayeogopa kukata shauri hata la kuku. Nilimwambia wimbo unaenda kwa jina la kanisa lake, asikilize sauti zote mbili ndipo atoe ruhusa. Alikohoa mara tatu akakubali. Jumapili mchana tukawa kwenye chumba cha magodoro: Obwocha, Abner, Nyanchoka aliyeburutwa, na mimi niliyemburuta.

Haron ni kijana wa heshima. Alinipa kiti, akaniita shosh kama bibi yake, akanionyesha kioo cha kompyuta. Sauti za watu zimelala humo kama vilima vya Nyamira, kimoja juu ya kingine. Akanieleza anavyozifua. Anakata pabaya na kubandika pazuri. Noti iliyopinda anainyoosha kama shati la kanisani. Anatia mwangwi ili mtu asikike kama yuko ndani ya jumba kubwa. Halafu kuna kile anachokiita lango, kinachojifunga kila mwimbaji anaponyamaza, ili kelele za nje zisiingie.

Nikamuuliza ni yapi kati ya hayo alimfanyia mwalimu.

Abner akamwahi. "Yangu haikuguswa," alisema. "Niliimba mara moja tu, Jumatano jioni, nikaenda nyumbani kula. Sauti ikiwa ya Mungu haihitaji fundi."

Haron aliinama akaanza kufuta vumbi kwenye kibodi. Vumbi halikuwepo.

"Basi ni rahisi," nikasema. "Haron mwanangu, wavue nguo wote wawili. Ondoa kila kitu ulichoweka, tusikie walivyotoka kooni. Ya mwalimu haitapungua hata chembe."

Abner akasema kompyuta hizi ni laini, zinaweza kuharibika. Obwocha akakohoa, akasema kama hakuna kilichoongezwa, hakuna kitakachopotea. Haron akamtazama Abner.

"Niondoe, mwalimu?"

Angekataa angekuwa amekiri. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Tulianza na Nyanchoka. Haron alivua hiki na kile. Sauti ikabaki, ina mchanga kidogo, ina pumzi zake, na mahali fulani lori la barabara ya Kericho linafunga breki ndani yake. Yeye anaendelea tu, lori likapita. Nyanchoka mwenyewe alikuwa anatazama miguu yake.

"Ndiyo hii mashine ilikataa?" nikauliza.

"Mashine haikatai mtu, shosh. Mwalimu aliniambia dada ameacha kwaya, niifute. Mimi sikuifuta."

Nyanchoka akainua kichwa. Abner akasema vijana wa siku hizi hawasikii maagizo.

Ikaja zamu yake. Haron alipoondoa mwangwi, lile jumba kubwa lilianguka, akabaki mwanamume mmoja katikati ya magodoro. Alipoondoa kile kinachonyoosha noti, ndugu zangu, mlango wa choo ulifunguka wazi. Na haukuwa mlango mmoja. Haron alitaja vipande kumi na saba, vimeshonwa pamoja kama blanketi la maskini. Neno "mjane" peke yake lilikuwa na vipande vitatu. Nilijiziba mdomo kwa leso, si kwa huzuni.

"Imebaki lango tu," Haron alisema, akalifungua.

Abner akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza kuvuta pumzi. Katika ule unyamavu ikaingia pikipiki. Akaimba wa pili, akanyamaza. Ikaingia sauti nyingine, nyembamba, ya spika ya mabati iliyo juu ya kanisa letu. Mtu alikuwa anaomba.

"...umkumbuke mtumishi wako Abner, aliyelazwa Kisii tangu jana kwa maumivu ya mgongo..."

Abner wa kwenye kompyuta akapanda na mjane wake, akapasuka, akanyamaza.

"...uiongoze mikono ya madaktari, umrudishe kwetu akiwa mzima..."

Maombi hayo niliyapigia magoti. Sabato ile kabla wimbo haujarudi, juu ya saruji, na magoti yangu mnayajua. Nilimgeukia Obwocha. Alikuwa anajisikiliza mwenyewe, kwa sababu aliyeomba ni yeye.

Haron hakuzima, maana hakuna aliyemwambia azime. Kanisa lote likaitikia Amina kupitia ile spika.

Obwocha hakukohoa safari hii. Alimwambia Haron arudishe ubeti wa Nyanchoka kwenye wimbo, na asiufue sana. Kisha akamgeukia Abner na kumwuliza Jumatano hiyo ilikuwa ya wapi.

Abner alilamba midomo. Akasema kweli ilikuwa Sabato, alisahau, ila hospitalini alikuwa. Walimruhusu mapema, akapitia hapa kidogo tu.

"Mapema," Obwocha alisema. "Kabla sijasema Amina?"