Mtu Asiyemjua Mtu

Barua ya mahakama iliponifikia, nilifurahi kuliko siku niliyopewa uraia. Miaka minane hapa ugenini Louisville nabadilisha mashuka ya wazee wasiojua jina langu, na hakuna aliyewahi kuniuliza, "Nyirangabo, wewe unaonaje?" Sasa naitwa kuketi na wenzangu kumi na mmoja, tuamue kesi ya mtu!

Kwenye chumba cha kungojea palikuwa na mchoro wa zamani: wanaume kumi na wawili wameketi juu ya magogo, buti zimejaa tope. Mlinzi akanieleza kwamba enzi zile baraza la watu kumi na wawili wa kuamua kesi lilikuwa la majirani. Walimjua mshtakiwa, ng'ombe wake na tabia yake. Nikacheka. Donc, yaani kama kwetu kijijini Minembwe! Utamhukumuje mtu usiyemjua?

Kesi ilikuwa ya wizi, mtaani kwangu Iroquois. Wakili akaanza kutuhoji mmoja mmoja, achague wa kubaki. Aliyesema anamjua shahidi, akaambiwa aende nyumbani. Aliyesali na mshtakiwa, naye aende.

Zamu yangu ikafika.

"Unamjua mshtakiwa?"

"Hapana."

"Mashahidi?"

"Hapana."

"Je, kuna mtu yeyote unayemfahamu mtaani kwenu?"

Nikafikiri sana. Jirani wa kushoto ana mbwa mweupe. Wa kulia hukohoa asubuhi.

"Hapana."

Wakili akatabasamu. "Mama, wewe ndiye tunayemtafuta."

Bon, haya. Miaka minane sina wa kumsalimia, kumbe nilikuwa nasomea kazi hii.