Mfasiri wa Filamu Bubu

Kila Alkhamisi, nyumbani kwao Sib, Suud alikuwa akimwekea mkewe Mahbuba kanda ya video ya filamu bubu aliyorudi nayo kutoka masomoni Ujerumani. Yakitokea maandishi ya Kijerumani, yeye ndiye mfasiri: mume kaoa mke wa pili, yule mkubwa kalia, kapiga magoti, kakubali.

"Kumbe hata Wajerumani wana uke wenza?" Mahbuba alistaajabu.

"Zamani, ndiyo. Na wake zao walikuwa na subira." Hapo hapo huizima. "Imekwisha."

Basi Suud alipomwoa Noof wa kule Mawaleh, Mahbuba alimeza uchungu akakubali, kama yule mwanamke wa kwenye filamu.

Alkhamisi moja zamu ikawa ya Noof, Suud akaenda kulala kwake. Mahbuba akaiweka kanda mwenyewe, na hapakuwa na wa kuizima. Baada ya magoti, mwanamke yule akainuka, akafuta machozi, akavua pete akamtupia mumewe usoni, akavaa koti, akaenda zake. Hapo Kijerumani cha nini?

"Mwongo mkubwa we!" Mahbuba aliipigia kelele televisheni.

Suud aliporudi alimkuta kavaa abaya, begi miguuni, kanda tayari.

"Kaa, bwana," akamwambia. "Leo n'takufasiria miye."