Tundu la Bafuni

Abdulkarim alikuwa mtu wa kujifunza kila kitu kwenye simu. Tuliponunua ile nyumba kuukuu ya mtaa wa Forest, huku Ubelgiji, yenye karatasi za ukutani zilizovimba kwa unyevu, alitazama video wiki nzima, kisha akatangaza kwamba fundi hatakanyaga kwake. Mume wangu akishaamua jambo, unaweza kumwimbia ngonjera mpaka koo likauke.

Kusema kweli, alijitahidi. Alikwangua karatasi, akabandua plasta iliyooza, akauacha ukuta ukauke kabla ya kupiga chokaa, maana ukiharakisha rangi itabanduka. Kilichomshinda ni bafu. Juu ya ukuta wa nje kulikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, na baridi yote ya Ubelgiji ilipita pale. Binti yetu akitoka kuoga, kifua kinambana, usiku kucha anakohoa. Nilimwonea huruma mpaka nikaichukia nyumba yenyewe.

Habari ya tundu hilo tulikuwa tumeambiwa. Siku ya kupokea funguo, Maman Nday, bibi wa Lubumbashi aliyetuuzia nyumba, alitutembeza kila chumba, na pale bafuni akasimama.

"Tundu hii ni ya mupepo," alisema. "Bon, muiachie njia. Mukiifunga, mutakufa."

Abdulkarim alisubiri aondoke, ndipo akafoka. Alikulia Tanga kwa mama mwenye pepo, utoto wake wote ukapita katika ubani na ngoma za kupunga, naye alikuwa ameapa kwamba mambo hayo hayatamfuata Ulaya. Bibi mzima, Mkatoliki wa kwenda kanisani, anafuga pepo bafuni! Nilicheka naye. Nani asingecheka?

Jumamosi moja ya Januari akalijaza lile tundu povu la kuzibia nyufa, akapiga plasta juu yake, akasoma Ayatul Kursi. Bafu likawa na joto kama jikoni, na usiku ule mtoto hakukohoa. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Kesho yake nikaenda na binti soko la Jumapili, kwenye stesheni ya Gare du Midi. Baba yake alibaki akisugua vumbi la plasta sakafuni. Alisema akimaliza ataoga maji ya moto mpaka mifupa ilainike.

Kwenye meza za mboga nikamkuta Maman Nday, ambaye siku hizi anakaa mtaa wa Ganshoren kwa mwanawe. Tulisalimiana vizuri. Nami, kwa utani tu, nikamwambia yule pepo wake wa bafuni tumeshamzibia mlango.

Hakucheka. Aliuliza pepo gani. Nilipomkumbusha tundu, aliweka kikapu chini, akanishika mkono, akakipuliza kiganja changu kwa nguvu.

"Mupepo ni hii, mutoto yangu. Hewa. Ile chauffe-eau ya gaz, ile ya kupashia maji moto pale bafuni, inakula hewa yote ya chumba. Bwana yako iko wapi?"

Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena ndani ya tramu, na tena tuliposhuka, binti akinivuta koti na kuuliza mbona nakimbia. Mlango wa bafu ulikuwa na komeo jipya, kazi ya mikono yake mwenyewe, na kwa ndani maji yalikuwa bado yanamwagika. Nilipiga kelele, nikaugonga kwa mabega, haukutikisika. Zimamoto ndio waliouvunja. Walitutoa nje, wakafungua madirisha yote, wakamlaza kwenye korido na kuhangaika naye kwa muda mrefu. Hakuamka.

Jioni mama yake alipiga kutoka Tanga. Habari ilikuwa imeshamfikia. Hakulia. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu, ni pepo gani aliyemchukua mwanawe, ili ajue anaanzia wapi.

"Ni hewa, mama," nilisema.



"Huko kwenu hewa inaua mtu?"

Nilitaka kumweleza habari ya gesi, na ya neno moja la lugha yetu wenyewe tulilolisikia vibaya. Nikamwambia ndiyo.